Si woga wa teknolojia

Kuna makala niliyosoma inayodai kwamba sisi wazee tunang'ang'ania santuri na CD kwa sababu tunaogopa simu na programu mpya. Sikubali. Nina miaka 67, nasikiliza muziki kwenye simu kila siku nikitembea, na sauti ni safi. Hata CD ni dijitali tangu 1982, yaani sauti imehifadhiwa kama namba, vipimo 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo ubishi huu si wa uzee na usasa. Kinachonifanya nisiitupe rafu yangu ni umiliki. Mtandaoni unalipia ruhusa ya kusikiliza tu. Leseni kati ya kampuni ya mtandaoni na wenye muziki ikiisha, albamu inatoweka bila hata taarifa. Imenitokea mara mbili. Tena mara nyingi toleo linalobaki ni lile lililochakatwa upya, sauti imepandishwa mpaka ngoma na mwimbaji vina kishindo kimoja, na ile pumzi anayovuta kabla ya ubeti imemezwa kabisa. Ni kweli santuri ni nzito, na vidole vyenye baridi yabisi vinapata taabu kushusha sindano (kaseti nimeziacha, utepe unavutika). Wenzangu mliokwisha kuhamishia CD zenu kwenye kompyuta, nakala ya pili mnaihifadhi wapi?