Heraclius: aliyeiokoa Bizanti, kisha akapoteza Shamu na Misri

Katika wafalme wa Bizanti, yaani Milki ya Warumi wa Mashariki, Heraclius ndiye ambaye wasomaji wengi wa Kiswahili wamekwisha kumpitia pasipo kumtambua, kwani aya za mwanzo za Surat Ar-Rum, zinazotaja Warumi walioshindwa na watakaoshinda baada ya miaka michache, zinahusu vita vyake na Uajemi. Alishika madaraka mwaka 610 kwa kumpindua mfalme Phocas, akafariki mwaka 641, na katika kipindi hicho matendo yake yaliwapa hoja nzito wanaomsifu na wanaomlaumu vilevile.

Wanaomsifu huanza na hali aliyoikuta. Mwaka 614 Waajemi waliteka Yerusalemu na kuuchukua Msalaba ulioaminiwa kuwa ndio aliosulubiwa Yesu, kisha wakaitwaa Misri, iliyoulisha mji mkuu, Konstantinopoli, kwa ngano yake. Heraclius alipunguza mishahara kwa nusu, akasitisha mgawo wa mkate wa bure Konstantinopoli, na kwa ridhaa ya Patriarki Sergius, mkuu wa kanisa la mji huo, akayeyusha vyombo vya makanisa ili apate fedha za vita. Sarafu ya fedha iliyotolewa kuanzia mwaka 615 ina maneno ya Kilatini yanayomwomba Mungu awasaidie Warumi. Kwa kawaida watawala hujitukuza kwenye sarafu, huyu aliomba msaada. Kisha akaenda vitani mwenyewe, na hata Waavari, kabila la wapanda farasi kutoka kaskazini, na Waajemi walipouzingira mji mkuu mwaka 626 hakurudi nyuma. Desemba 627 alishinda karibu na Ninawi, mwaka uliofuata Khosrow II, mfalme wa Uajemi, akapinduliwa na mwanawe, na Msalaba ukarejeshwa Yerusalemu.

Wanaomlaumu hujibu kwa neno moja: Yarmuk. Mwaka 636 majeshi ya Kiislamu yalilivunja jeshi lake kwenye mto huo, Shamu ikaenda, na alipofariki Misri nayo ilikuwa inamponyoka. Binafsi sioni kwamba kushindwa huko kunamwangukia yeye hasa. Hazina ilikuwa imekauka, na sehemu kubwa ya Shamu ilikuwa imekaa chini ya Waajemi kwa miaka zaidi ya kumi, kiasi kwamba vijana wake hawakuwa na sababu kubwa ya kumfia mfalme wa mbali. Isitoshe, Uajemi, iliyotoka katika vita hivyohivyo, ilifutika kabisa, wakati Bizanti ilidumu hadi 1453.

Palipo na kosa lake halisi ni katika dini, na pia nyumbani, ambako alimwoa Martina, mpwa wake mwenyewe, akawaachia ufalme wana wawili wa mama tofauti, ugomvi ukazuka kabla mwaka haujaisha. Ili kuwapatanisha Wakristo waliogawanywa na Mtaguso wa Kalsedonia wa mwaka 451, mkutano wa maaskofu uliotamka kwamba Kristo ana asili mbili, alitoa mwaka 638 tamko kwamba Kristo ana utashi mmoja, na upande wowote haukuridhika. Misri alikuwa amemkabidhi Cyrus, patriarki aliyepewa pia madaraka ya serikali, ambaye aliwatesa Wakopti, Wakristo wa Misri, waliokataa kumfuata, hata patriarki wao Benyamini akaishi mafichoni kwa takriban miaka 13. Aliyemhakikishia Benyamini usalama hadi akarudi Alexandria ni Amr ibn al-As, kamanda wa Waislamu, na hilo halikusababishwa na hazina tupu wala uchovu wa vita.