Mgeni Unampa Tango?

Jumapili iliyopita mama mdogo, ambaye ana kisukari kwa mwaka wa tisa sasa, alikuja kututembelea Tabata, Dar es Salaam, na mdogo wangu, kwa nia njema kabisa, akamnunulia pakiti ya biskuti za chumvi iliyoandikwa kwa herufi kubwa kwamba haina sukari. Bei yake ilikuwa shilingi 12,000. Niliigeuza nyuma nikasoma: kiungo cha kwanza unga wa ngano, cha pili mafuta ya mawese, na katika kila gramu 100, wanga gramu 68.

Viungo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia, kwa hiyo tulikuwa tumenunua ngano iliyokaushwa tukidhani tumenunua dawa. Wanga huo ukimeng'enywa huwa glukosi, yaani sukari inayoingia kwenye damu, hata kama boksi limechorwa moyo mwekundu. Tango, kwa upande wake, ni maji kwa takriban asilimia 95, na gramu 100 zake hazifikishi hata gramu 5 za wanga.

Basi nilishika kisu. Tango nililikata mshazari, unene wa nusu sentimeta, kwa sababu kipande chembamba hulegea kabla hakijafika mdomoni. Nikavikausha vipande kwa kitambaa safi, vingine nikavipaka siagi ya karanga isiyotiwa sukari, vingine parachichi lililopondwa kwa ndimu. Hoho niliipasua mara nne, kila upande ukawa kama kijiko, nikajaza mayai ya kuchemsha yaliyopondwa na kitunguu.

Mdogo wangu akaninong'oneza jikoni: "Dada, mgeni unampa tango?"

Hapo ndipo hasira zilipopanda. Jiji hili zima watu husimama kituoni wakila tango la chumvi na pilipili kutoka kwenye sinia la muuzaji, tena kwa furaha, lakini tango hilohilo likivuka kizingiti cha sebule linageuka dharau, na heshima inabaki kwa biskuti iliyosafiri baharini ndani ya boksi.

Nakiri, shingo upande, kwamba biskuti hukaa kabatini miezi na tango lililokatwa huanza kutoa maji upesi, hasa likitiwa chumvi, kwa hiyo kazi hii haifanywi tangu asubuhi. Kwa mtu anayedhuriwa na gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, hoja ni fupi zaidi: mboga mbichi haina ngano. Mwenye maradhi ya figo amuulize daktari wake kwanza, maana parachichi lina potasiamu nyingi, madini ambayo figo zikiumwa huweza kushindwa kuyatoa mwilini. Na tango lioshwe vizuri hata kama litamenywa, kwani kisu huingiza ndani uchafu wa ganda.

Mama mdogo alimaliza vipande saba, akaisogeza kwake sahani ya hoho, akauliza kama kuna pilipili ya kusaga. Biskuti walizifungua watoto. Walikula mbilimbili, kisha wakauliza mbona hazina sukari.