Omaha: Chama kikiondolewa kwenye karatasi ya kura, kinakwenda wapi?

Mei 13, 2025, wapigakura wa Omaha, jimbo la Nebraska, walipewa karatasi yenye majina mawili ya wagombea umeya: Jean Stothert na John Ewing Jr. Kando ya kila jina palikuwa na kiduara cha kujaza wino. Basi. Hakuna palipoandikwa Republican, hakuna palipoandikwa Democratic. Ndivyo utaratibu wa jiji hilo unavyotaka: meya na madiwani saba huchaguliwa bila chama kutajwa.

Usiku ule matokeo yalipotoka, Marekani nzima iliyasoma kwa jicho la chama. Ewing, ambaye ni Mdemocrat, alikuwa amemwangusha Stothert, Mrepublican aliyeliongoza jiji tangu 2013 na aliyekuwa akiomba muhula wa nne. Alipata zaidi ya asilimia 55 ya kura, akawa mtu mweusi wa kwanza kuchaguliwa kuwa meya wa Omaha. Vyombo vya habari vya kitaifa havikuuliza habari za barabara wala za bajeti. Viliuliza ushindi ule una maana gani kwa Donald Trump.

Kama chama kilikuwa kila mahali isipokuwa kwenye karatasi, kukiondoa kwenye karatasi kulimsaidia nani? Nimelifikiria swali hili kwa muda, na jibu langu limebadilika kadiri nilivyousoma uchaguzi ule.

Kwanza, msomaji wa Mwanza au Arusha aelewe kwamba meya huyu si kama wetu. Kwetu meya huchaguliwa na madiwani wenzake, na chama chenye madiwani wengi huwa kimeshaimaliza kazi mapema. Omaha meya huchaguliwa na wananchi moja kwa moja, na ana nguvu hasa: anateua mkuu wa polisi, anaandaa bajeti, anaweza kukataa uamuzi wa baraza. Hakuna ukomo wa mihula. Jiji lina watu karibu nusu milioni, kwa hiyo ni kiti kizito.

Wazo la kuondoa vyama kwenye siasa za miji lilizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wakati miji mingi ya Marekani ilikuwa mikononi mwa magenge ya kisiasa. Omaha ilikuwa na lake. Mzee wa genge hilo alikuwa Tom Dennison, mtu wa kamari na pombe, ambaye kwa takriban miongo mitatu alijua nani atashinda kabla kura hazijahesabiwa. Rafiki yake James Dahlman alikuwa meya kuanzia 1906 hadi 1918, kisha akarudi 1921 na kukaa hadi alipofariki 1930. Katika ile miaka mitatu ya katikati jiji liliongozwa na Edward Smith, aliyeingia kwa ahadi ya kusafisha uchafu ule. Septemba 28, 1919, kundi la wazungu lilivamia na kuchoma mahakama ya kaunti, likamtoa Will Brown, mfanyakazi mweusi aliyetuhumiwa kumshambulia mwanamke wa kizungu, likamuua na kuuchoma mwili wake. Meya Smith alipojaribu kuwazuia walimtia kitanzi yeye mwenyewe, na aliokolewa akiwa karibu kukata roho. Wanahistoria wengi wanalishuku genge la Dennison kwa kuchochea hasira za mji miezi ile ili meya aonekane ameshindwa.

Naikumbusha historia hii kwa sababu wanaotetea uchaguzi usio wa kivyama hawatetei ndoto. Wana makaburi ya kuonyesha. Lakini historia hiyohiyo inawakatalia. Omaha ilibadili mfumo wake wa utawala mwaka 1912 na kuwa na makamishna, kama miji mingine ilivyofanya wakati huo, na Dahlman alibaki kitini vilevile. Kilichoangusha genge ni uzee wa wakubwa wake, kesi za mahakamani na kifo cha Dennison mwaka 1934. Kubadili mfumo peke yake hakukutosha.

Nebraska haikulitupa wazo hilo. Mwaka 1934 wananchi wake, wakiongozwa na Seneta George Norris, walipiga kura ya kuunganisha mabunge mawili ya jimbo kuwa moja, na wabunge wachaguliwe bila chama kuandikwa. Bunge hilo lilianza 1937 na lipo hadi leo, la pekee la namna yake nchini humo. Kwa hiyo kwa mtu wa Omaha kuona jina tupu kwenye karatasi si kioja.

Sasa tuitazame hoja ya watetezi, na niipe haki yake. Majira ya baridi ya Omaha yana tabia moja. Maji huingia kwenye nyufa za barabara, usiku yanaganda na kutanuka, mchana yanayeyuka, usiku yanaganda tena. Kufikia Februari na Machi barabara imeshalegea, lori likipita gurudumu linang'oa kipande, na kesho yake pana shimo la kupasua tairi. Kura ya mchujo ya umeya ilikuwa Aprili 1. Maana yake mpigakura alifika kituoni akiwa ametoka kukwepa mashimo, na shimo halikumuuliza kadi ya chama. Stothert alikuwa na la kujibu, kwani mwaka 2020 wananchi waliidhinisha hati fungani za dola milioni 200 kwa ajili ya kutengeneza barabara. Walioona kazi haiendi kwa kasi walikuwa na haki ya kumhukumu kwa hilo, na walioiona inakwenda pia.

Mfano mwingine ni tramu. Stothert aliusimamia kwa nguvu mradi wa reli ya tramu kutoka katikati ya jiji kuelekea mitaa ya magharibi yake, akisema itavuta wawekezaji. Wapinzani wakahoji gharama na namna inavyolipiwa. Ukichunguza waliounga mkono na waliopinga, huwezi kuwatenganisha kwa chama. Kulikuwa na wafanyabiashara wa Republican waliokuwa na hamu ya tramu, na Warepublican wengine walioiona ni ubadhirifu. Mwaka 2009 wanauchumi Fernando Ferreira na Joseph Gyourko walionyesha kwamba katika miji ya Marekani, chama cha meya kilikuwa na athari ndogo sana kwa ukubwa wa matumizi ya jiji. Kutoza kodi na kuzoa taka kuna mipaka yake, na mwananchi asiyeridhika anahamia kitongoji cha jirani.

Halafu kuna suala la nani anaruhusiwa kuchuja. Katika kura ya mchujo ya Omaha wagombea wote wanawekwa kwenye karatasi moja, kila mpigakura anachagua, na wawili wa juu wanakwenda fainali. Nebraska ina wapigakura wengi waliojiandikisha bila chama chochote, na hapa hawafungiwi nje. Mwaka 2025 mmoja wa wagombea alikuwa Mike McDonnell, aliyekuwa seneta (yaani mbunge) wa jimbo, aliyetoka Democratic na kuingia Republican mwaka 2024. Alishika nafasi ya tatu. Unaweza kumpenda au kumchukia, lakini wananchi wote walipata nafasi ya kumpima kwa kura.

Na Ewing mwenyewe ni hoja kwa upande huu. Alitumikia polisi ya Omaha hadi kuwa naibu mkuu, kisha akachaguliwa mweka hazina wa Kaunti ya Douglas, ambamo Omaha imo, mwaka 2006 na kukaa huko hadi alipoingia ofisi ya meya. Kwa miaka ile yote watu wa kaunti, weupe kwa weusi, walikuwa wakilipia magari na kodi za nyumba katika ofisi iliyo chini yake. Omaha ni mji uliogawanyika: kaskazini ni kitovu cha watu weusi, kusini Walatino, na ukivuka Mtaa wa 72 kwenda magharibi unaingia vitongoji vya wenye kipato na wazungu wengi. Ushindi wa zaidi ya asilimia 55 haupatikani kwa mtaa mmoja. Wapo waliomchagua kwa sababu walimjua kazini, na sioni ubaya wowote katika hilo.

Upande wa pili sasa, na hapa ndipo moyo wangu unapoanza kusita.

Chama hakikwenda popote. Mwaka 2017, Stothert alipopambana na Mdemocrat Heath Mello, Seneta Bernie Sanders alisafiri hadi Omaha kumfanyia Mello kampeni, na ndani ya siku chache uchaguzi wa meya ukageuka mjadala wa taifa zima kuhusu utoaji mimba, jambo ambalo meya halisimamii. Mello alishindwa. Mwaka 2025 mambo yalikuwa yaleyale kwa sura nyingine. Matangazo ya Stothert yalimhusisha Ewing na suala la watu waliobadili jinsia, vyoo wanavyotumia na michezo wanayoshiriki. Wademocrat wakamuunganisha Stothert na Trump, na wakajibu hoja ya vyoo kwa kusema kwamba mgombea wao anashughulika na mashimo ya barabarani. Jibu lilikuwa kali na lilikumbukwa. Lakini aliyelilipia ni nani, na kwa nini? Vyama, kwa sababu za vyama. Wilaya ya pili ya bunge la taifa, ambayo Omaha ndiyo kiini chake, hutoa kura yake moja ya wajumbe wanaomchagua rais, hata kama jimbo zima limekwenda kwingine, na iliwapa Barack Obama mwaka 2008, Joe Biden mwaka 2020 na Kamala Harris mwaka 2024. Mji wenye thamani hiyo hauwezi kuachwa na vyama eti kwa sababu karatasi iko kimya.

Kwa hiyo anayesoma magazeti kila siku alijua kila mgombea ni wa chama gani. Ambaye hakujua ni yule mwenye muda mdogo. Chukua mama wa Sudan Kusini aliyepitia kambi ya Kakuma, akajifunza Kiswahili huko Kenya, akafika Omaha, akapata uraia baada ya miaka ya kusubiri. Omaha ni mmoja wa miji yenye Wasudan Kusini wengi zaidi Marekani, na mama wa namna hii si wa kubuni-buni. Anafanya kazi zamu ya usiku katika kiwanda cha nyama. Anaifungua karatasi mezani baada ya watoto kwenda shule, anakuta majina mawili ya Kiingereza. Chama kingemwambia kitu, hata kama si kila kitu. Bila chama, anamuuliza mchungaji, au mwanawe, au anaacha nafasi hiyo wazi. Mwaka 2001 wanasayansi wa siasa Brian Schaffner, Matthew Streb na Gerald Wright walilinganisha chaguzi zenye chama na zisizo nacho, wakakuta kwamba chama kikiondolewa, waliojitokeza wanapungua, na waliopiga kura wanaegemea zaidi jina la aliye madarakani. Hasara hiyo haimgusi mtu wa kitongoji cha magharibi aliyeletewa vipeperushi vitano nyumbani.

Tukumbuke pia kwamba wanaoondoa chama si lazima wawe hawana chama. Mwaka 2024 bunge la Kentucky, lenye Warepublican wengi, lilipitisha sheria ya kufanya uchaguzi wa meya wa Louisville usiwe wa kivyama kuanzia 2026. Louisville ni mji wa Wademocrat. Inawezekana kabisa kwamba sheria hiyo ni nzuri. Lakini anayeniambia kwamba iliandikwa kwa ajili ya usafi wa siasa peke yake, nitamwomba anieleze kwa nini ililengwa mji huo.

Nimefika wapi basi? Nilianza nikiamini kwamba jina la chama lirudishwe. Sasa nadhani tunagombana na kitu kidogo na kukiacha kikubwa, ambacho ni kalenda. Omaha huchagua meya wakati wa machipuko, mwaka unaofuata uchaguzi wa rais, siku ambayo hakuna kingine kikubwa kinachopigiwa kura. Mei 2025 waliojitokeza hawakufika nusu ya waliojiandikisha. Meya anayeamua juu ya polisi wa kaskazini na barabara za kusini alichaguliwa huku wengi wakiwa nyumbani, na kwa kawaida wanaobaki nyumbani siku kama hizo ni vijana, wapangaji na maskini. Hilo lingekuwa tatizo hata kama karatasi ingekuwa na nembo za vyama pande zote nne.

Najua jibu la wanaopinga: ukiuhamishia uchaguzi Novemba ya urais, mashimo yatamezwa na kelele za Washington. Ni hoja ya kweli, na siidharau. Lakini kelele za Washington zimeshafika Mei, kama tulivyoona, tena zimefika kwa wasikilizaji wachache. Ningechagua zifike kwa wengi.

Na karatasi ibaki bila chama, kwa sharti moja. Seattle nako huchagua meya bila chama, ila huko mpigakura hutumiwa kijitabu nyumbani kwa gharama ya serikali, chenye picha ya kila mgombea na maelezo yake mwenyewe: amefanya kazi gani, anataka kufanya nini. Omaha inao muda kabla ya uchaguzi wa 2029. Yule mama wa zamu ya usiku akiwa na kijitabu hicho mezani kando ya karatasi ya kura, atasoma kwamba huyu alikuwa polisi na mweka hazina, na yule ndiye aliyeanzisha tramu, kisha atajaza kiduara chake.