Mvua Inyeshayo Pasipo na Watu

Nilipofika Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania, macho yangu yalikimbilia mlima. Wamasai wanauita Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, nao umesimama peke yake kusini mwa ziwa kama madhabahu. Nikashukuru, nikaimba ubeti mmoja wa tenzi, nikaona ibada imetosha. Kumbe somo lilikuwa nyuma yangu, majini.

Ziwa lenyewe halina cha kumbembeleza mtu. Jua linachoma, na maji yana magadi makali yanayochubua ngozi. Lakini humo ndimo wanamozalia heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale ndege wa rangi ya waridi ambao wengi tunawaita flamingo, na hawana mahali pengine pa kutegemea kama hapo. Kila jozi inafinyanga kichuguu cha tope, inataga yai moja tu. Fisi na mbweha hawathubutu kuvuka magadi yale. Ukali uliotufukuza sisi ufukweni ndio boma la vifaranga. Hata chakula chao, vijani vidogo visivyoonekana kwa macho, kinastawi katika maji hayo hayo, na rangi yao ya waridi inatoka humo.

Nilikumbuka Ayubu 38. Ayubu amepoteza watoto, mifugo na afya, na Mungu anapomjibu hamwambii neno juu ya mifugo ile. Anamuuliza ni nani anayenyeshea mvua nchi isiyo na watu, jangwa asikokaa mwanadamu, majani yachipue. Kwa miaka mingi nilisoma mistari hiyo kama majivuno ya mwenye nguvu. Sasa naona humo moyo wa Mungu. Anatoa mahali ambapo hakuna wa kumshukuru, hakuna wa kuvuna, hakuna hata wa kuona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mahubiri mengi ya uumbaji. Tunasema mvua imeumbwa kwa ajili ya mashamba yetu, wanyama kwa ajili yetu, kisha tunanukuu Warumi 1:20 na kuishia kwenye uweza. Uweza upo, mlima unautangaza. Ila mtu anaweza kuwa na nguvu na akawa bahili. Heroe wa Natron wananiambia kwamba aliyewaumba si bahili, na kwamba wema wake haupigi hesabu ya faida. Yesu alisema jambo lilo hilo alipotaja mvua inayowanyeshea wenye haki na wasio haki.

Nisifiche upande wa pili. Wapo vifaranga wanaonaswa, magadi yakaganda miguuni kama pingu, wakashindwa kutembea. Wapo wanaoliwa na korongo. Anayeniuliza kama hiyo nayo ni tabia ya Mungu ana haki ya kuuliza, na sitamtupia jibu jepesi. Paulo mwenyewe anasema viumbe vyote vinaugua. Ziwa halikunionyesha Mungu anayebeba maumivu; huyo nilimwona msalabani. Na Yesu alipowataja shomoro hakusema hawaanguki. Alisema hata mmoja haanguki pasipo Baba. Nimelitafakari neno hilo mara nyingi tangu siku ile, na bado linanipa faraja na uzito kwa pamoja.

Jioni mwenyeji wetu alinipa darubini. Mbali sana, vifaranga wa kijivu, kundi lisilohesabika, walikuwa wakitembea pamoja kuelekea maji yasiyo makali, wakubwa wachache wakiwa nao.

Mwezi ujao nitafundisha somo la uumbaji kwa watoto wa Shule ya Jumapili. Nitaanza na Ayubu 38, na nitawasimulia pia habari za waliofungwa miguu na magadi, kwa sababu najua watauliza.