Hiyo Lami Pelekeni Mtaa wa Pili

Jamani, mie naomba serikali isituletee maendeleo mtaani kwetu. Si kwa ubaya. Uwezo wa kuyalipia ndio sina.

Zamani huku Mbagala ndani ndani, mvua ikinyesha unavua viatu, unakunja suruali, unafika kazini kama umetoka kulima mpunga. Lakini kodi ya chumba ilikuwa ya kibinadamu. Ikaja lami. Akina mama vigelegele, mie nikaruka juu kuwapita wote, maana lami hiyo ni yangu! Sabuni ninayonunua ina VAT asilimia 18. Bodaboda ninayopanda inakunywa petroli yenye tozo ya Mfuko wa Barabara. Humo nina kokoto zangu.

Vumbi la greda halijatulia, mama mwenye nyumba huyo mlangoni, kajitanda khanga, anakohoa kile kikohozi chake cha kodi. “Mwanangu, si unaona siku hizi tuko barabarani?” Naona, mama. “Basi mwezi ujao tuongeze kidogo.” Choo kilekile cha nje! Bati linavuja palepale juu ya kitanda changu! Kilichobadilika ni barabara tu, na yeye hakubeba hata ndoo ya mchanga.

Nikamlilia mpwa wangu anayesoma uchumi. Akacheka, hana adabu. “Mjomba, hilo Mmarekani Henry George alilisema tangu karne ya 19. Ardhi inapandishwa thamani na watu wote, basi serikali itoze kodi kwenye ardhi, ipate humo hela ya kujengea.” Eti Hong Kong kampuni ya treni inapewa haki ya kujenga majumba kwenye stesheni zake, faida ya viwanja inagharamia reli.

Nikamwambia, baba, hapa kwetu kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, tangu 2021. Nyumba ya kawaida shilingi 1,500 kwa mwezi, iwe imegusa lami, iwe imelala bondeni na vyura. Na umeme ananunua nani? Mie! Lami nimeilipia dukani, nikailipia tena kwa mama, halafu na kodi ya nyumba ya mama namlipia kwa tokeni zangu. Mpwa akakaa kimya. Hilo chuoni hawajalifikia.

Basi nihame. Dalali akanipeleka mbali, vumbi hadi kwenye kope, chumba bei ileile ya barabarani. Kulikoni? “Kaka, huku lami inakuja. Si unaona bikoni zile za wapimaji?” Lami yenyewe bado ipo kwenye makaratasi, kodi yake ishafika na inakula wali! Na hela yake ya kunionyesha akachukua.

Nimerudi kwangu. Leo asubuhi wamekuja vijana wenye vizibao vya njano kupima mtaro na nguzo za taa. Mama kawatolea soda, baridi kabisa. Mie nimewavuta pembeni, nikawaambia ndugu zangu, mtaa wa pili wana giza la kutisha, waanzieni wao.