Uzuri Uliofuata Mstari wa Risasi

Anayesifu madirisha ya vioo vya rangi ya karne ya 19 kwa kawaida husifu rangi zake. Sikatai, ila kwa maoni yangu sifa kubwa zaidi inaistahili ile mistari myeusi ya risasi (ile metali laini, si ya bunduki) inayoshikanisha vipande vya kioo, ambayo watazamaji wengi huiona kama kasoro isiyoepukika.

Katika karne ya 18 wachoraji wa Uingereza walikuwa wamekigeuza kioo kuwa turubai. Walipaka enameli, yaani rangi ya unga wa kioo, juu ya vioo vyeupe na kuvichoma tanuruni, na kwa kuwa enameli huzuia mwanga, picha zilitoka zimefifia. Dirisha la magharibi katika kanisa la New College, Oxford, lililotokana na michoro ya Joshua Reynolds, mchoraji mashuhuri wa picha za watu, ndivyo lilivyo. Reynolds alikuwa bingwa, lakini ubingwa wake haukuwa wa kioo. Ilibidi watu kama mwanasheria Charles Winston, aliyechapisha utafiti wake mwaka 1847, wachunguze upya kioo cha kale, ambacho rangi yake imo ndani kwa ndani, kwa oksidi za kobalti, shaba au manganizi zilizoyeyushwa pamoja nacho.

Mbunifu Mwingereza William Morris na wenzake walipoanzisha kampuni yao ya sanaa za mapambo mwaka 1861, walikipokea kioo pamoja na masharti yake: vipande vyenye rangi yake ndani, vilivyoungwa kwa risasi. Matunda ya uamuzi huo yako Birmingham, katika kanisa la St Philip, ambamo Edward Burne-Jones, mchoraji wa kampuni hiyo na mzaliwa wa mji huo, alibatizwa. Katika dirisha la Kupaa kwa Bwana, la mwaka 1885, na lile la Hukumu ya Mwisho, lililokamilika mwaka 1897, risasi haikukatiza mchoro bali imekuwa sehemu yake: inafuata mikunjo ya mavazi na mabawa ya malaika, na wekundu ukikaribiana na buluu, ni huo mstari mweusi unaozuia rangi hizo zisimezane.

Wapo wanaolalamika kwamba Burne-Jones alichora tu karatasini, wengine wakakata na kuunga, na kwamba kampuni iliuza mchoro mmoja kwa makanisa kadhaa. Ni kweli, lakini lalamiko hilo linachukulia kwamba dirisha ni mchoro wake. Malaika yule yule, akibadilishiwa vioo na kupachikwa katika ukuta unaopata jua la upande mwingine, ni kazi nyingine kabisa, na mafundi wa karakana walistahili kutajwa kwa majina pamoja na mchoraji.