Mgambo wa Ohio

Nilipompigia mama simu kumwambia nimejiunga na National Guard, jeshi la akiba la huku Ohio, Marekani, nilikosa neno la kumweleza, nikasema ni kama mgambo. Alicheka hadi akakohoa. "Kwa hiyo umevuka bahari yote hiyo ukafukuze machinga?"

Sikumlaumu. Kwetu Tanzania mgambo ni yule anayepakia meza za mama lishe kwenye gari la manispaa. Tumeshasahau kwamba mwaka 1978 mgambo waliacha mashamba na vibarua vyao wakaenda vitani Kagera.

Kazi yangu ni kuhudumia wazee: kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Kazi hii inakutaka uingie wikiendi moja, upumzike inayofuata. Jeshi nalo linataka wikiendi moja kila mwezi, na wiki mbili hivi kwa mwaka. Usitegemee zipishane kila mara.

Sheria ipo, ya mwaka 1994, inaitwa USERRA. Mwajiri haruhusiwi kukufukuza kwa sababu ya jeshi, wala kukulazimisha utumie siku zako za likizo. Ukitoka kwenye mazoezi unapewa saa nane za kupumzika ukishafika nyumbani, kisha unarudi kwenye nafasi yako. Lakini sheria hiyo haimlazimishi kukulipa siku ambazo hukuwapo, na haimzuii mtu kununa. Msimamizi wangu wa kwanza hakunikatalia ruhusa hata mara moja. Alinipangia tu shifti za usiku, na wikiendi zote zilizobaki nikawa wa kuingia kazini mimi. Nikashtaki niseme nini? Kwamba ratiba inachosha?

Hata hivyo, nikilinganisha na nyumbani, naona tofauti moja kubwa. Nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita: miezi mitatu ya kwata, mchakamchaka na jembe. Katika kombania nzima hakuna aliyekuwa na kazi ya kuombea ruhusa. Wanaojitolea nao wengi huwa na hesabu moja: nikitoka hapa huenda nikachukuliwa jeshini, polisi, au angalau nikapata lindo. Mgambo ni vilevile. Kijana mwenye kibarua dukani akiaga kwenda mafunzoni kwa miezi kadhaa, atakuta mwingine kaunta. Kwetu unavaa gwanda ili upate kazi. Huku nilivaa nikiwa nayo, na ikanisubiri, hata kama kwa kununa.

Si kwamba Tanzania haikujaribu kuchanganya mambo haya mawili. Mpango wa 1966 uliwataka wahitimu watumikie taifa miaka miwili: miezi michache kambini, muda uliobaki kazini kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana, Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, na mshahara wake mwenyewe akaukata asilimia 20. Shuleni niliwaona wabinafsi. Tangu nianze kusoma hati yangu ya mshahara kila baada ya mazoezi, nimewahurumia kidogo.

Msimamizi wa sasa ni mwanamke ambaye kaka yake alikuwa mwanajeshi. Ratiba yangu ya mazoezi ya mwaka mzima ameibandika mwenyewe ukutani. Mimi bado natembea na nakala mfukoni.